Maikrofoni Chini ya Mtandio

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: mdogo wangu hawezi kulisoma. Kiswahili anakisikia chote, ukimwita chakula tayari anakuja mbio, lakini ukimpa kikiwa kwenye karatasi anakikodolea macho kama nyaya za ndani ya redio. Mimi nilikuja huku nina miaka kumi, nimeshamaliza darasa la nne Unguja, kwa hiyo ninacho. Sasa nina kumi na sita. Daftari langu linalala mezani, wazi, mbele ya pua yake, na siri zangu ziko salama.

Siri ya leo si kubwa. Ni ya neno moja ambalo mpaka sasa sijui kama nililisema.

Kwanza niseme nilivyo. Mimi siongei. Si kwamba sitaki. Shuleni mwalimu akinitaka nisome kwa sauti, sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Dukani namwachia mdogo wangu aagize. Nikiulizwa jambo naitikia kwa kichwa, na nimegundua watu wengi wanaridhika na kichwa. Bibi, mama yake Mama, alipokuja kuishi nasi hapa Sterling, Marekani, alinitazama siku tatu nzima, halafu akamuuliza Mama, "Huyu mke mwenzangu ulimi kaumeza, au mmeusahau Unguja?"

Ananiita mke mwenzangu kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Babu alishafariki zamani lakini tunamgombea mpaka leo. Bibi ndiye mtu pekee ambaye nikiwa naye maneno yangu yanatoka, machache, lakini yanatoka.

Bibi aliumwa mwanzo wa masika ya huku, na alipopona hakurudi kuwa yule. Daktari alisema damu yake imepungua, ale nyama nyekundu. Akapewa na vidonge vya chuma, vikamfunga tumbo. Nyama hakuigusa. Ya dukani hakuitaka hata kuiona: "Karatasi imeandikwa halali. Karatasi inachinja?" Baba akaenda shamba moja la mbali akachinja mbuzi kwa mkono wake, akamletea. Bibi akala vipande viwili kwa heshima ya mkwewe, akasema, "Ahsante, baba, nimeshiba," na sote tukajua hakushiba. Hamu ilikuwa imekufa. Anakula ubwabwa kidogo na mchicha, basi. Pete yake ya kidoleni imeanza kuzunguka yenyewe. Nilimwona akiifunga uzi.

Siku moja alikuwa amekaa dirishani. Kwenye majani nyuma ya jengo letu, karibu na mapipa ya taka, kulikuwa na wale wanyama watatu. Hawa wanyama wa huku hawana jina moja nyumbani kwetu. Baba anasema kulungu, Mjomba anasema dia kama Wamarekani, Bibi anasema paa, ingawa wa huku ni wakubwa mara tatu ya paa wa kwetu. Akawatazama muda mrefu wakila maua ya jirani.

"Baba yangu alikuwa akienda msituni na wenziwe, na nyavu na majibwa," akasema. "Wakirudi, mama anaitia thomu na ndimu. Hiyo nyama nikiipata leo, mke mwenzangu, nitakula mpaka mfupa."

Nilikimbia kumwambia Mama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi Bibi alikuwa ametaja chakula anachokitaka.

Sasa, Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa Bibi, ni mwindaji. Anafanya kazi kwenye yale majengo makubwa yasiyo na madirisha yanayotunza kompyuta za dunia. Yeye ni mtu wa mashine za kupoza. Mzee mmoja mzungu wa kazini kwao ana shamba lenye msitu, magharibi ya kaunti, na alimruhusu kuwinda kwa upinde, ule wa kulenga kama bunduki na kufyatua kwa kidole. Anawindia juu ya mti, na kule juu anajirekodi mwenyewe, kwa sababu amewaona watu wa mtandaoni wakifanya hivyo. Mwaka uliopita ndiye aliyenipeleka mimi pia. Nilifanya mafunzo, nikapata kibali, na nilipenda sana. Si kuua, maana sikuua kitu. Nilipenda kwamba juu ya mti ukiongea umekosea. Ni mahali pekee ninapojua ambapo tabia yangu ndiyo tabia nzuri.

Mtu angesema basi, Mjomba alete nyama, mambo yamekwisha. Haikuwa hivyo, na kosa ni la filamu yake mwenyewe.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa dakika arobaini za kiatu chake cha kushoto. Ya pili ilikuwa majani. Ya tatu akafanikiwa: mnyama yumo, mshale umo, sauti imo. Akatuwekea kwenye televisheni sebuleni, kifua mbele. Bibi naye alikuwepo. Mshale ukatoka, na sauti ya Mjomba ikajaa sebule nzima: "Oyaaaa! Huyoo!"

Bibi akauliza, "Na Bismillahi iko wapi?"

"Nilisema moyoni, Mama. Mnyama alikuwa ananitazama."

"Moyoni! Na upinde uliufyatua moyoni?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akaanguka kwenye zulia. Baba alijaribu kuingia kati, akaeleza kwamba kwa madhehebu yetu ya Kishafii kulitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua ni sunna, aliyelisahau nyama yake inaliwa. Bibi akamjibu kwa upole, kwa kuwa ni mkwe, kwamba hayo anayajua, amesomesha watoto Kurani chuoni kabla Baba hajaota meno. Lakini hakula. Na tangu siku hiyo Mjomba akimletea hata chumvi anamuuliza ameitoa wapi.

Kwa hiyo alipoitamani nyama ya paa, alitoa na sharti.

"Akiua mke mwenzangu nitakula. Huyu hasemi uongo kwa sababu hasemi kabisa. Lakini nitasikia kwa masikio yangu haya. Si kamera mnazo? Mlinionesha oyaa. Nioneshe na Bismillahi."

Kila mtu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alimwaga vitu vyake vyote kwenye zulia la sebuleni. Bibi amekaa kwenye kochi na tasbihi yake, anakagua.

"Vya mtu anayeanza ni hivi tu," Mjomba akaniambia. "Usidanganywe na wale wa mtandaoni wenye mizigo kama wanahama nyumba." Akaanza na mkanda mpana wa kujifunga kiwiliwili na mapaja, wenye kamba ya kuzungushia mti. "Huu kabla ya kamera, kabla ya upinde, kabla ya salamu. Kamera ikianguka tutapata nyingine." Halafu mkono wa chuma unaokazwa kwenye shina kwa mshipi, una viungo kama mkono wa mtu, ncha yake inabeba kamera ndogo. Hiyo ni ya kumtazama mnyama. Halafu simu yake ya zamani, ya kufungwa upande wa pili, inanitazama mimi. Betri za akiba za kukaa mfuko wa ndani, zisife kwa baridi. Utepe mweusi wa kubandika juu ya kijitaa chekundu cha kamera. Na mwisho maikrofoni ndogo, kubwa kama punje ya haragwe, yenye kibanio, ya kubana kwenye kola.

"Huyu ndiye mke mwenzako, Mama," akamwambia Bibi. "Hii ndiyo itakayokuletea Bismillahi. Maana mtoto akisema kwa nguvu mnyama anakwenda, akisema taratibu kamera haisikii. Hii inasikia hata mate yakimezwa."

"Na huyo mnyama," Bibi akauliza, "mnamuua kwa mshale au mnamfunga na hizi nyaya?"

Tukafanya majaribio palepale. Nilibana maikrofoni kwenye kola ya fulana yangu, nikakaa juu ya mkono wa kochi kana kwamba ndio mti, Mjomba akamvalisha Bibi visikizio.

"Sema."

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya chumba cha pili: "Bismillahi, Allahu Akbar."

Bibi akafumba macho. Akavivua visikizio taratibu, akavitazama.

"Kama yuko ndani ya sikio langu," akasema. "Haya. Lete paa."

Nilikuwa nyumbani. Tulikuwa sisi kwa sisi, baba, mama, mjomba, mdogo wangu. Nilikuwa kichwa wazi. Naandika hili hapa kwa sababu ndipo lilipo, ingawa wakati ule hakuna aliyeliona, hata mimi.

Wiki mbili nilifanya mazoezi bafuni, bomba likiwa wazi. Nilikuwa nashika brashi ya choo kama upinde, nalenga sabuni, nasema Bismillahi Allahu Akbar, nafyatua. Mdogo wangu akagonga: "Unaongea na nani humo?" Nikanyamaza mpaka alipoondoka.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Novemba, baridi ya kavu. Bibi aliamka mapema, akajikokota mwenyewe mpaka jikoni. Tulipoondoka alikuwa ameketi kwenye kiti, kinu kidogo mapajani, anatwanga thomu. Mama alimwambia kuna mashine. Akasema mashine haina mkono.

Mjomba aliendesha kuelekea magharibi, majengo yasiyo na madirisha yakaisha, nyumba zikapungua, vikabaki vilima na uzio wa farasi. Tuliswali Alasiri juu ya majani makavu kando ya gari. Halafu nikajiandaa. Koti zito. Mtandio wa rangi ya majani makavu, niliununua makusudi, mrefu, nikauzungusha vizuri mpaka kifuani na kuuchomekea ndani ya koti, kwa sababu mzee mwenye shamba huwa anapita, na kwa sababu filamu haijui nani maharimu wako, wa kukuona kichwa wazi, na nani si wako, leo iko sebuleni, kesho Mjomba ameshaionesha kazini. Maikrofoni nilikuwa nimeshaibana tangu nyumbani, kwenye kola ya fulana, palepale ilipofanya kazi. Niliigusa kwa nje. Ipo. Nikaridhika.

"Vuta na kitambaa cha uso," Mjomba akasema. "Uso unang'aa, wanauona." Nikavuta kitambaa mpaka juu ya pua. Nilifurahi, nikiri. Sipendi kutazamwa na simu.

Nikajifunga mkanda, nikapanda ngazi mpaka kwenye kiti, nikafunga kamba shinani. Mjomba akapanda mti wake, hatua kama arobaini kutoka kwangu, anapoweza kuniona. Nikakaza mkono wa kamera. Nikafunga simu. Nikabonyeza zote mbili. Maikrofoni inaenda kwenye simu. Kwenye kioo kulikuwa na kamstari kadogo ka kijani kanachocheza, maana yake sauti inaingia. Kalikuwa kanacheza sana. Nikasema moyoni, vizuri, inasikia. Kumbe ilikuwa inasikia nguo.

Tukangoja. Juu yetu ndege za uwanja wa Dulles zilikuwa zikishuka moja baada ya nyingine, na kila ikipita nilifikiria kuna mtu ndani yake anatazama chini, haoni msichana kwenye mti. Jua lilianza kuwa jekundu. Mikono yangu ilikufa ganzi, nikaibana makwapani.

Alitoka upande wa kushoto, jike, peke yake, bila mlio wowote. Sikumwona akija. Nilimwona yupo.

Watu wa mtandaoni hawakuambii kwamba mwenye kujirekodi anahitaji mikono mitatu. Nilisogeza mkono wa kamera kwa kushoto, taratibu, mpaka akaingia kwenye kioo. Akatoka. Nikasogeza tena. Akainua kichwa. Nikaacha kupumua. Akashusha kichwa. Nikainua upinde, nikatafuta ile nukta nyekundu ya kulengea, ikacheza mgongoni, ikacheza kwenye shina la mti, ikatulia nyuma ya bega lake. Nilijua nina kazi moja tu iliyobaki ya mdomo na moja ya kidole.

Mshale ukaenda.

Ndivyo ninavyokumbuka: mshale ukaenda. Kabla ya hapo kuna nukta nyekundu, baada ya hapo kuna mkia mweupe unaruka vichakani. Katikati hakuna kitu. Nimerudi hapo katikati mara nyingi kuliko nilivyorudi mahali popote, na ni kama kuingia chumba kilichohamwa.

Mjomba alishuka, akaja chini ya mti wangu akitabasamu mpaka masikioni.

"Umemkamata! Nimeona. Umesema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kwa nini. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya. Kilishaitikia kabla sijakiuliza.

Ulipofika wakati wa kumfuata, Mjomba akanipa tochi, akachomoa kisu. Kisu ndicho kilichonikumbusha. Kama mnyama bado yu hai ukimfikia, unamchinja kama mbuzi, unalitaja jina la Mungu juu ya shingo, na mambo ya mshale yanakuwa hayana maana tena. Mjomba angechinja, mimi ningesema, kwa sauti, hata mara kumi. Tulifuata matone juu ya majani, na mimi nikajikuta naomba. Niliomba awe hai. Niliomba mnyama niliyempiga mimi awe bado anahangaika pale chini, anapiga miguu, mpaka tumfikie. Sijawahi kuomba kitu kibaya kama hicho kwa moyo safi kama ule.

Alikuwa amelala ubavu chini ya mti ulioanguka, si mbali. Macho wazi. Mjomba akamgusa jicho kwa ncha ya kijiti. Hakupepesa.

"Mashallah," akasema. "Hata hakuteseka. Mimi miaka yote hii sijapiga hivi." Akanipiga begani. "Mkono wa dhahabu, wewe!"

Nikasimama pale na mkono wangu wa dhahabu.

Tulifika nyumbani tumeshaswali Magharibi njiani. Nyumba nzima inanuka thomu, tangawizi na bizari. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya. Alikuwa ameketi sebuleni mbele ya televisheni iliyozimwa, visikizio vimeshawekwa mapajani, kama mtu aliyefika mapema ofisini.

"Mke mwenzangu! Nasikia umeua!"

Mjomba akaunganisha simu kwenye televisheni. "Leo wote tunasikia," akasema. Mimi niko pale kwenye kioo, macho mawili kati ya mtandio na kitambaa. Mdomo hauonekani. Na sauti ikaanza.

Ilikuwa dum, dum, dum. Mdundo mzito, wa haraka, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Juu yake, khrr, khrr, nguo ikisuguana na nguo. Ndege ikapita, hata ndege ilisikika kama iko chini ya maji. Dum, dum, dum. Macho yangu kwenye kioo yakasogea kushoto. Bega likapanda. Dum-dum-dum-dum. Halafu tak, upinde. Halafu khrr.

Mjomba akarudisha nyuma, akaongeza sauti mpaka vikombe kabatini vikalia. Dum-dum-dum-dum. Tak.

"Ni moyo," mdogo wangu akasema kwa Kiingereza chake. "Ni moyo tu. Mbona unakimbia hivyo?"

Mama akanigeukia. "Uliibana wapi?"

Nilikuwa bado sijavua koti. Nikafungua zipu, nikachomoa mtandio, nikafunua tabaka la kwanza, la pili. Ile punje ya haragwe ilikuwa kwenye kola ya fulana, imeegemea ngozi, imelala pazuri. Mjomba akajipiga paji la uso. "Ya Rabi. Sebuleni ulikuwa kichwa wazi!"

Halafu wote wakaanza kuongea. Mjomba akasema kosa ni lake, angeikagua kwa sikio na si kwa macho. Baba akarudia mambo ya sunna, kwamba hata angesahau nyama ni safi, hakuna shaka, na hapa mtoto hakusahau, si kasema? Mama akasema, "Mama, mtoto mwenyewe yupo, muulize basi. Si ulisema hasemi uongo?"

Bibi alikuwa akinitazama tangu mwanzo. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Haya. Mimi na mwenzangu. Ulisema?"

Mjomba nyuma yake alikuwa ananiangalia kwa macho makubwa, anaitikia kwa kichwa kwa niaba yangu. Mama vilevile. Jikoni sufuria ilikuwa tayari mekoni. Nilichotakiwa kufanya ni kile ninachofanya kila siku. Nilikuwa nimeshakifanya kule msituni, kwa Mjomba, bila taabu. Na ningelikuwa na hakika hata chembe ningekifanya. Nilirudi kwenye kile chumba kilichohamwa mara moja zaidi, haraka, nikitafuta hata herufi sakafuni.

"Sijui, Bibi."

"Hujui."

"Nilitaka. Nilifanya mazoezi. Sikumbuki kama ilitoka."

Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema sebuleni mbele ya watu wote. Nilitamani irudi ndani.

Bibi akavikunja visikizio, waya ndani ya waya, vizuri. "Haya," akasema. Akanyanyuka kwa kushikilia meza, akaenda jikoni. Tukadhani amekasirika. Tukasikia mafuta. Mjomba alikuwa amekata nyama ya mgongo akaitia kwenye mfuko, na Bibi akaipika yote, kwa thomu aliyoitwanga tangu asubuhi, akakamua na ndimu. Hakuonja chumvi. Alimwita mdogo wangu aonje.

Tulikaa mkekani. Akampakulia kila mtu kwa mkono wake, nyama juu ya wali. Kwake akaweka wali na mchicha wa jana. Baba akasema, "Mama, wallahi ni halali."

"Ni halali, baba. Kuleni. Mimi nilisema nitakula nikisikia. Sikusikia."

"Lakini unaumwa."

"Naumwa na neno langu ninalo."

Mdogo wangu alikula mara tatu. Mjomba alikula huku anatazama sahani. Mimi nilikiweka kipande kimoja mdomoni, kilikuwa kitamu kuliko nyama yoyote niliyowahi kula, na sikuweza kukimeza mpaka nilipokunywa maji.

Tangu siku ile Bibi hakutaja tena paa. Wakija nyuma ya jengo anawatazama tu. Nilimuuliza kama bado anaitamani ile nyama, akasema, "Ilikuwa siku ile, mwanangu. Hamu ni mgeni, hukai ukamngoja mlangoni." Hakuniita mke mwenzangu. Vidonge vya chuma amevirudia, vinamfunga tumbo vilevile. Friza imejaa pakiti ambazo Mjomba ameziandika tarehe kwa kalamu nzito, na kazi ya kutoa moja asubuhi iyeyuke imekuwa yangu.

Nimerudi kwenye mti Jumamosi tatu. Maikrofoni sasa iko juu ya mtandio, nje, na kofia yake ndogo ya manyoya ya kuzuia upepo. Kitambaa cha uso kiko shingoni. Nikipanda Mjomba anavaa visikizio chini ya mti, ananiambia hesabu, nahesabu moja mpaka kumi, ananioneshea dole gumba. Kila kitu kiko sawasawa. Na hawaji. Jumamosi ya kwanza mvua. Ya pili walipita mbali, mikia tu. Ya tatu, jana, sikuona hata kindi.

Jana jua lilipogusa vilima nilijua basi. Zilibaki dakika chache za ruhusa ya kuwinda. Mnyama hayupo, upinde umelala mapajani, taa imefunikwa na utepe, kamera zote mbili zinatazama, moja majani, moja mimi. Nikasema. Sikunong'ona. Nilisema kama mtu aliye chumba hikihiki: "Bismillahi, Allahu Akbar." Mjomba kule kwenye mti wake aligeuka ghafla, akidhani nimefyatua. Ndege wawili waliruka kutoka vichakani. Basi.

Leo baada ya chai nilimpelekea Bibi simu. Nilimvalisha visikizio mwenyewe, nikamsogezea ushungi wake nyuma ya masikio. Akasikiliza mpaka mwisho. Akanioneshea kidole, irudishe. Nikairudisha. Akasikiliza tena, ananitazama mdomoni, ingawa mdomo wangu wa kwenye simu ndio uliokuwa unasema.

"Hii nimesikia," akasema. "Mpaka lile ha la mwisho. Mnyama yuko wapi?"

"Hakuja, Bibi."

Akavivua visikizio, akanirudishia. Akaifinya pete yake kwenye uzi wake, isitoke.

"Haya, mke mwenzangu. Kaoshe mchicha."